Mama Pacha achoka kuitwa mguu

"Kanyaga!"

Mama Pacha anakanyaga.

"Tena! Tena! Tena! Haya, shika!"

"Nimeshika!"

Jua la mchana limesimama juu ya ua wenye geti la bluu lililopauka. Gari dogo la kubeba watoto wa shule limenyanyuliwa mbele kwa stendi za chuma, matairi mawili yameegemezwa ukutani, na pembeni ya gurudumu la kushoto imejitokeza miguu ya mwanamume aliyelala kifudifudi. Huyo ni Baba Pacha, fundi wa breki anayewafuata wateja majumbani kwao. Aliye kwenye kiti cha dereva, kiatu cha kulia amekivua na unyayo umeigandamiza pedeli, ni mkewe.

"Umeachia!" inafoka sauti kutoka chini.

"Sijaachia."

"Umeachia mapema, ndiyo maana pedeli haikazi. Unavuta hewa irudi!"

"Baba Pacha, mguu wangu uko chini kabisa. Njoo uuone kwa macho yako."

"Siji kuona mguu. Anza upya."

Mama Pacha anafumba macho, anavuta pumzi na kuanza upya. Ameshaanza upya mara nyingi tangu wamalize chai, na kwa jinsi anavyoushika usukani, ungedhani ni shingo ya mtu.

Kwa wasioijua kazi hii, breki za gari husukumwa na oili inayopita kwenye paipu nyembamba kutoka kwenye pedeli hadi kila gurudumu. Oili haibonyei. Hewa hubonyea. Ukibadilisha paipu, hewa huingia, na hewa ikibaki humo, dereva akikanyaga ni kama anakanyaga godoro. Lazima itolewe yote.

Kuitoa kunataka watu wawili, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Mmoja anapampu pedeli kisha anaishikilia. Mwingine, chini, anafungua skrubu ndogo kwenye gurudumu, oili na hewa vinatoka kupitia mpira mwembamba hadi kwenye chupa, pedeli inazama, anafunga, halafu ndipo anaita "Achia!" Anayekanyaga akiachia kabla skrubu haijafungwa, hewa inavutwa ndani na kazi yote inakuwa bure.

Kwa hiyo kuna mtu anayeona na kuna mtu anayetii. Ukitaka kuipima ndoa, achana na habari za mahari na picha za harusi. Wape mume na mke gari moja watoe hewa.

Mama Pacha amekuwa mtu wa kutii kwa zaidi ya miaka kumi.

Zamani alikuwa akishona sare za shule sebuleni kwake, na Baba Pacha alikuwa ameajiriwa kwenye gereji kubwa. Gereji ikafungwa kiwanja kilipouzwa. Fundi akafunga spana zake kwenye mfuko na kuanza kuzunguka kwenye nyumba za watu. Aliajiri msaidizi wa kukanyaga pedeli, akakimbia. Akaajiri mwingine, huyo hakufika hata jioni. Wa tatu alikuwa binamu yake mwenyewe, na hadi leo hawasalimiani.

"Mume wangu si mtu mbaya," Mama Pacha anaeleza. "Akiwa juu ya ardhi ni mpole, hata kuku hawezi kumfukuza. Lakini akishaingia chini ya gari, anageuka mtu mwingine kabisa. Sijui ni oili inampanda kichwani!"

Mkewe akajitolea kumsaidia kwa muda tu, hadi apatikane mtu. Pacha wao wa kike walikuwa chekechea. Sasa wanamaliza sekondari, na huyo mtu hajapatikana bado. Kwa kweli hatafutwi tena. Cherehani imegeuka rafu ya kuwekea sufuria.

Jina la Mguu alipewa na wateja. Mtu akimpigia simu fundi humwambia, "Njoo kesho, usisahau kubeba mguu." Wanacheka. Baba Pacha naye hucheka. Mama Pacha alicheka mwaka wa kwanza.

"Mtu anakuja na kikombe cha chai, anampa fundi, mimi ananiuliza kama nitakunywa maji," anasema. "Wakati wa kuaga anamshika fundi mkono, mimi ananipungia. Nimekaa kwenye gari lake siku nzima, nimekanyaga hadi goti linalia, halafu napungiwa kama nimepita tu na basi!"

Kazi ya kubadilisha paipu zote na kutoa hewa huwapa chakula cha karibu wiki nzima. Wiki ikipita bila simu, wanakula kwa kukisia. Hilo halimsumbui sana. Kinachomsumbua ni kwamba ameomba afundishwe, na kila akiomba anaambiwa kesho.

"Kukata paipu, kuikunja, kuupanua mdomo wake ili nati iubane vizuri, vyote nimeviona hadi naviota. Nikimwambia nipe nami nijaribu, ananiambia kesho. Kesho yake haijawahi kupambazuka."

Safari moja Baba Pacha alipokwenda kumjulia hali mama yake, mkewe alikichukua kile kifaa cha kupanulia midomo ya paipu, akakifunga kwenye meza ya jikoni na kujaribu kwa vipande vilivyobaki. Cha kwanza kilipasuka. Cha pili kikapinda kama mdomo wa mtu aliyenuna. "Cha mwisho," anasema bila aibu hata kidogo, "kilikuwa kizuri kuliko vyake." Alikionyesha kwa pacha, wakakipigia makofi. Baba yao hakuonyeshwa.

Siku tulipoonana alikuwa na jambo lingine moyoni. Dada yake mkubwa ana duka la vitambaa. Msaidizi wake ameolewa na kuhama, na nafasi hiyo amempa mdogo wake: kiti chenye mto, feni, kazi ya kupima na kukata, na hakuna anayefoka. Ila alitaka jibu siku hiyohiyo kabla ya kufunga duka. Binti wa jirani naye aliitaka nafasi hiyo, na dada mtu hakuwa tayari kumzungusha mtoto wa watu.

"Nimemwambia nitampigia jioni," Mama Pacha alisema asubuhi, akivua kiatu. "Nataka kwanza nimalize gari hili. Nione leo nitatukanwa kiasi gani."

Gari lenyewe ni la mwanamume ambaye watoto anaowabeba humwita Anko, na watu wazima wakaiga. Ni mtu mkarimu, mcheshi, na kwa habari za magari ni janga linalotembea.

Paipu zake zilikuwa zimeliwa na kutu tangu zamani. Kikopo cha oili ya breki kikawa kinapungua, naye akawa anaongeza. Kikapungua, akaongeza.

"Hukujiuliza inakwenda wapi?" Baba Pacha alimuuliza, amejishika kiuno.

"Nilijua gari linaitumia, fundi. Kama petroli."

Baba Pacha alimtazama mkewe. Mkewe akatazama angani. Kwa mara ya kwanza na ya mwisho siku hiyo, mume na mke walikubaliana jambo.

Siku mbili kabla, alipokuwa amemshusha mtoto wa mwisho, Anko alikanyaga breki kwenye kona na pedeli ikazama hadi sakafuni. Gari likaingia kwenye ua wa majani wa watu na kusimama humo. Hakuumia mtu. Anko anasimulia kisa hicho akitabasamu, lakini maneno "wa mwisho" huyarudia mara mbili.

"Wangekuwa ndani, shemeji, mimi leo ningekuwa wapi?" alimwambia Mama Pacha. "Ningewaangalia vipi wazazi wao?"

Kazi ilianza vizuri kwa kiasi ambacho kazi ya kutu inaweza kuanza vizuri. Nati za zamani zilikuwa zimegandana na paipu, na nusu yake zilikatwa kwa msumeno, moja baada ya nyingine, kila moja na laana yake. Baba Pacha alipima paipu mpya kwa kamba, akakata, akakunja, akafunga. Mama Pacha alimpa spana kabla hajaiomba. Akizichelewesha anafokewa, akiziwahisha hashukuriwi.

Magurudumu ya nyuma yalitolewa hewa kwanza, kama inavyopasa, kwa kuwa ndiyo yaliyo mbali zaidi. Yalikubali bila ubishi. Yakabaki ya mbele.

Mbele, paipu hazikuwa tatizo pekee. Mipira ya breki inayounganisha paipu na magurudumu ilikuwa imepasukapasuka, na kalipa, yaani kile chuma kizito kinachozibana pedi dhidi ya diski, zilikuwa zimejaa uchafu. Baba Pacha alizifungua zote mbili, ya kulia na ya kushoto, akazisugua kwenye beseni moja na kuzilaza juu ya boksi kuukuu.

"Zitie alama ya chaki," Mama Pacha alimwambia. "Ya kushoto uijue, ya kulia uijue."

"Mama Pacha," alijibu bila kugeuka, "nilikuwa nafunga kalipa wewe hujaijua spana ni nini."

Mama Pacha akairudisha chaki mfukoni.

Baada ya hapo ndipo mchana ulipoharibika. Kalipa zilifungwa, mipira mipya ikafungwa, oili ikajazwa, na ile kanyaga-shika-achia ikaanza. Oili iliyoingia kwenye chupa ilikuwa safi, bila hata povu. Lakini pedeli ilibaki laini. Wakatoa tena. Safi. Laini. Wakahamia kulia. Safi. Laini. Chupa ya pili ya oili ikaisha, Anko akatumwa dukani kuleta ya tatu.

"Ndani hakuna hewa, nimeona mwenyewe," alisema Baba Pacha. "Kwa hiyo inaingia kwa juu. Kwa hiyo ni mguu."

Mtu asiyeona kosa lake ana hesabu zake, na hesabu hizo jibu lake huwa ni jirani. Mama Pacha alieleza kwamba hajaachia. Akaeleza tena. Alikanyaga huku akihesabu kwa sauti, akakanyaga huku ameshikilia goti kwa mikono miwili. Anko naye, kwa kuwa alikuwa amesimama na hana kazi, aliona ni vyema achangie.

"Shemeji, mimi niliona kwenye simu, eti unatakiwa ukanyage kwa kisigino."

"Anko."

"Naam?"

"Nenda kakae."

Kisha Baba Pacha akasema neno ambalo mkewe anasema hatalisahau. Alichomoza kichwa, uso wote madoa ya oili, akasema, "Shuka. Anko apande. Labda tupate mtu mwenye kusikia."

Anko alijaribu kukataa, akatazama huku na huku, mwishowe akapanda kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

"Niliona aibu hadi masikio yakawaka," Mama Pacha anasema. "Miaka yote hii, hata kama anafoka, ule mguu ni wangu. Siku ile akamwita mtu ambaye anadhani gari linakunywa oili ya breki, akaniambia huyo ndiye msikivu. Nikasema basi. Nikasema dada yangu, nakuja."

Alikwenda kuchukua kiatu chake ili aondoke. Alikuwa amekiweka karibu na gurudumu la kushoto, na Baba Pacha, katika kujigeuzageuza, alikuwa amekilalia. Ilibidi Mama Pacha achuchumae na kukivuta. Nyuma yake sauti mbili zilikuwa zinaendelea.

"Kanyaga! Shika!"

"Nimeshika, fundi!"

Skrubu ikafunguliwa, ikafungwa.

"Achia! Vipi pedeli?"

"Laini, fundi. Laini kama mkate."

Baba Pacha akagonga spana chini, akaamuru tena, "Kanyaga! Shika!" Na hapo, kiatu mkononi, Mama Pacha akamtazama mumewe vizuri. Alikuwa amelala kifudifudi, shavu karibu liguse vumbi, mkono amepitisha chini ya kalipa kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kabati.

"Baba Pacha, kwa nini umelala?"

"Kwa sababu nimechoka! Unauliza maswali gani wewe?"

"Kwenye magari yote hulali. Huwa unachuchumaa. Nakuona kupitia dirisha, kichwa chako kinakuwa sawa na kioo, spana unaizungushia juu. Leo sijakiona kichwa chako mchana kutwa. Unatafuta nini huko chini?"

Baba Pacha aliuchomoa mkono chini ya kalipa.

Skrubu ya kutolea hewa lazima iwe juu ya kalipa, kwa sababu hewa hupanda juu. Mtoto anayecheza na chupa ya maji anajua hilo. Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia, na ya kulia kushoto, zinaingia vizuri tu, boliti zinakubali, mpira unakubali, kila kitu kinakubali. Ila skrubu inakuwa imetazama ardhini. Hapo utatoa oili safi hadi duka zima liishe, na hewa imekaa juu imestarehe, haina habari nawe.

"Niachie au niendelee kushika?" aliuliza Anko kutoka juu. "Fundi? Nimeshika bado! Jamani, mguu unakufa ganzi!"

Baba Pacha alijivuta akakaa. Aliitazama kalipa ya kushoto. Akainuka, akazunguka, akaitazama ya kulia. Akafuta mikono kwenye suruali polepole, kama mtu anayesubiri kengele ya kuokolewa.

"Zimebadilishana," alisema.

Ungedhani kalipa hizo zilinyanyuka juu ya boksi lile zenyewe, zikaamkiana na kubadilishana nyumba.

Mama Pacha aliingiza mkono mfukoni, akatoa chaki na kumwekea kwenye kiganja. Nyani haoni kundule, lakini siku nyingine mtu humshikia kioo.

Kalipa zilifunguliwa tena na kila moja ikarudishwa kwake, safari hii na alama kubwa nyeupe ambazo hata kipofu angezipapasa. Ilipofika saa ya kutoa hewa, Anko alikuwa anachechemea uani akiupiga mguu wake uamke. Baba Pacha alipochukua spana ndogo, alikuta mkewe ameshachuchumaa penye gurudumu.

"Pisha," Mama Pacha alisema.

"Mama Pacha, hii kazi..."

"Kapande juu. Vua kiatu."

Alipanda. Hakuvua kiatu, lakini alipanda, na mwandishi wa makala haya hajawahi kuona mtu mzima akikaa kwenye kiti cha dereva kwa unyonge kiasi kile.

"Kanyaga!" sauti ya Mama Pacha ilisikika hadi kwa jirani. "Tena! Tena! Shika!"

"Nimeshika."

Alifungua. Mpira ule mwembamba ulikohoa, ukatema povu jeupe, ukakohoa tena. Pedeli ilizama ghafla, na Baba Pacha, ambaye kwa maisha yake yote ya ufundi hajawahi kuisikia ikizama chini ya unyayo wake akiwa ameamriwa asitikisike, alishtuka na kuunyanyua mguu. Povu likageuza njia na kurudi ndani.

"Umeachia!"

"Sijaachia! Umechelewa kufunga wewe!"

"Nimeona kwa macho yangu, hewa imerudi!"

"Kumbe inashtua hivi..."

"Inashtua! Leo ndiyo unajua inashtua? Anza upya!"

Anko alikohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Baba Pacha aliinama, akavua kiatu, akaanza upya.

Povu lilitoka kwa wingi, kisha vibofu vikubwa, kisha vidogo, kisha uzi wa oili uliotulia, safi tupu. Mama Pacha alifunga skrubu, akaisikiliza kwa mkono kama imebana, asiikaze kwa pupa maana hukatika. Akahamia upande wa pili akipita kuangalia kikopo kisikauke, kwa sababu kikikauka hewa inaingia kwa mlango wa mbele. Alipomaliza aliita mara ya mwisho.

"Kanyaga. Vipi?"

Ilikanyagwa mara mbili.

"Imekaza," alisema Baba Pacha.

"Sijasikia."

"Imekaza! Imekaza kama jiwe!"

Aliambiwa aendelee kuikandamiza kwa nguvu zake zote, huku mkewe akipitisha kitambaa kikavu kwenye kila nati, mbele na nyuma. Kitambaa kilitoka kikavu. Matairi yakarudi, gari likateremshwa, na Anko akaliendesha mwendo wa konokono kutoka ukutani hadi getini, akasimama. Akarudi nyuma, akasimama. Akatoka barabarani, na kwa muda uani ikawa watu watatu wametega masikio. Aliporudi alikuwa anacheka peke yake.

"Linasimama!" alipaza sauti. "Nikigusa tu, linasimama!"

Aliruka chini, akaenda moja kwa moja kwa Baba Pacha, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Fundi, Mungu akuweke. Una mkono wewe! Wale watoto kesho nawabeba roho yangu imetulia."

"Amina," alisema Baba Pacha. "Ndiyo kazi yetu."

Kisha Anko akageuka na kumpungia Mama Pacha.

Mama Pacha alikuwa kwenye bomba, akinawa kwa sabuni ya unga hadi viwiko. Aliona kupungiwa, akaona na lile "Amina". Alifunga bomba, akajifuta kwa kitambaa chake cha kichwani na kuvaa kiatu. Simu akaitoa na kuishika mkononi, hakuipiga. Jua lilikuwa limeanza kuegemea ukuta na duka la dada yake lilikuwa bado wazi.

Nikamuuliza sasa anatumaini nini.

"Sitaki makubwa," alisema, na hakupunguza sauti. "Kesho kuna pikapu ya mwanamume anayeuza mbao, paipu zote nne. Ningetaka nizikate mimi. Nizikunje mimi, nifunge mimi, na mwenye gari ajue ni mimi. Siku moja nataka simu iite, mtu aniulize mimi, 'Fundi, utakuja lini?' Nikikosa hilo, heri feni ya dada yangu. Nimechoka kuwa kiungo cha mwili. Mimi ni mtu mzima mwenye mikono miwili na kichwa, siyo mguu unaobebwa kwenye mfuko pamoja na spana."

Baba Pacha, ambaye alikuwa anakunja mipira na kuipanga, aliendelea kuikunja hata baada ya kwisha kukunjika.

Simu yake ndiyo iliyoita. Spika ya sikioni iliharibika zamani, kwa hiyo simu zake zote husikilizwa na mtaa mzima. Alikuwa muuza mbao, anataka kujua kesho atarajiwe saa ngapi.

"Tutakuja saa mbili," Baba Pacha alisema. Akamtazama mkewe aliyeshika simu. "Sikiliza. Kesho anayefunga paipu ni mke wangu. Mimi nitakuwa kwenye pedeli."

"Unaumwa?" iliuliza simu.

"Siumwi."

"Sasa kwa nini huji?"

"Nakuja! Nimesema nakuja, nitakanyaga. Yeye ndiye atakayefunga."

"Ee bwana, mimi nabeba mbao, nateremka milima. Nataka fundi."

Baba Pacha alifumba macho. Anko alijifanya anakagua tairi. Mama Pacha hakutikisika.

"Nikwambie kitu," Baba Pacha alisema, na sauti ilikuwa ileile anayoitumia akiwa chini ya gari, ya ukali na uchovu. "Huyo fundi unayemtaka, leo amefunga kalipa kinyume. Ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Aliambiwa atie alama, akakataa. Halafu akamlaumu mkewe mchana kutwa mbele ya watu, akamshusha kwenye gari. Aliyegundua ni mkewe, na aliyetoa hewa hadi breki zikakaza ni yeye pia. Hapa mwenye gari ananishukuru mimi, nami nimepokea. Sasa kwenye hiyo milima yako, unamtaka yupi?"

Simu iliguna.

"Basi njooni wote," ilisema mwishowe. "Mwambie mama asichelewe."

Baba Pacha aliirudisha simu mfukoni. Hakumtazama mtu. Alikiinua kile kifaa cha kupanulia midomo ya paipu kutoka kwenye mfuko wa spana, akakifuta kwa shati lake mwenyewe na kwenda kukiweka kwenye mkoba wa mkewe.

Mama Pacha alimwacha hadi amalize. Kisha akampigia dada yake.

"Dada, usinisubiri," alisema. "Mpe yule binti wa jirani." Akasikiliza. "Hapana, hajaniomba msamaha." Akasikiliza tena, akavuta mkoba karibu na mguu wake. "Sikatai, feni ni nzuri. Ila kesho nina gari."